Kilo za Asubuhi

Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la korosho hapa Lindi, na msimu baada ya msimu kazi yangu imekuwa kuwaambia watu wazima jambo wasilotaka kulisikia. Mzee ameshuka kutoka Rondo na gunia lake. Kwao limepimwa kilo themanini na mbili, kwangu linasoma themanini na nusu, na macho yanamtoka. "Mwanangu, hizo nyingine zimekwenda wapi?" Namwamkia kwanza, maana adabu haisubiri mizani, kisha namweleza. Korosho ina maji ndani yake, baba. Ikipigwa jua inayatoa, ikilala penye unyevu inayavuta tena. Gunia la juzi na la leo ni lile lile, hakuna aliyetia mkono. Siku nikiwa nimeshiba namwambia kwa upole na kumvutia benchi akae. Siku nikiwa na njaa, Mungu anisamehe, namwambia kama ninavyowaambia wanangu.

Nimeanza na hilo ili ijulikane kwamba nilikuwa najua. Hakuna aliyenificha.

Magoti yalianza kunisumbua nikiwa na miaka arobaini na minane. Mwanzo yalilia tu nikipanda ngazi za ghala. Baadaye yakawa yanavimba jioni, na asubuhi moja nilisujudu kwenye sala ya alfajiri nikashindwa kuinuka. Nilibaki pale chini na paji la uso kwenye msala mpaka mume wangu alipotoa salamu, akageuka, akanikuta. Alinishika kwapani akaninyanyua, naye hana nguvu za kunyanyua mtu wa umbo langu. Tulianguka wote wawili kitandani. Tulicheka siku ile. Kesho yake akaingia na kiti cha plastiki, cheupe, cha mikono, akakiweka nyuma ya msala wake.

Miaka miwili nilisalia kiti kile. Nasimama vizuri, nainama kidogo, lakini ikifika sijda nakaa, nainamisha kichwa mbele, basi. Dini imeruhusu, najua, na sina ugomvi na mwenye kusalia kiti. Ila niliumia. Kila nikikaa kinalia, nyaa, na kila kikilia nafikiri hata mume wangu huko mbele anahesabu. Ramadhani mbili nilikwenda tarawehe pale msikitini kwetu Mtanda, nikakaa pembeni kabisa na bibi mmoja kikongwe aliyenizidi miaka thelathini. Wanawake wenzangu wote wanakwenda chini kwa pamoja, kanga zao zinafanya upepo mmoja, na mimi nimebaki juu nawatazama migongo. Usiku ule wa kwanza nilirudi nyumbani nikalia jikoni, nikasingizia vitunguu.

Kwa hiyo nilipokwenda hospitali na daktari kijana akaniambia, "Mama, magoti yako hayajaoza, yamechoka kubeba. Punguza kilo kumi uone," sikusikia habari ya presha wala sukari aliyoendelea nayo. Nilisikia sijda. Nikamuuliza kama nikipunguza nitaweza kusujudu. Akasema inawezekana, inshallah, tusubiri tuone. Akaniandikia na mazoezi ya kunyoosha miguu nikiwa nimekaa. Nilikuwa mlangoni natafuta viatu vyangu akaongeza, "Na mama, usijipime kila siku. Mara moja kwa wiki inatosha."

Nilicheka kimoyomoyo. Mtoto wa juzi ananifundisha mimi kupima.

Nilinunua mizani ya kukanyagia, ile ya kioo inayotoa namba, na kabla sijaikanyaga niliipima yenyewe. Niliibeba kwenye kikapu mpaka ghalani, nikaipakia lile jiwe letu la chuma la kilo ishirini ambalo wakaguzi wamelipiga muhuri. Ikasoma ishirini kamili. Nikalitoa nikalirudisha mara tatu, ishirini, ishirini, ishirini. Hapo nikaridhika kwamba hii mizani haitakuwa na la kujitetea, na mimi pia sitakuwa nalo. Nyumbani nikaiweka chumbani kwenye sakafu ya saruji, karibu na ile kalenda ya ukutani, na kalamu nikaifunga kwa uzi kwenye msumari. Asubuhi ya kwanza, mwanzoni mwa msimu wa korosho, nikaandika tisini na sita na pointi nne. Ilibaki miezi minne na siku kadhaa kufika Ramadhani. Nikajiambia mwezi huo utanikuta chini, pamoja na wenzangu.

Wiki ya kwanza mizani ilishuka karibu kila asubuhi, nikawa mtu mwema. Niliimba nikifagia. Niliwavutia wazee benchi hata nikiwa na njaa. Mume wangu alikuwa ananisikia chumbani naisoma namba kwa sauti, ananijibu kutoka uani, "Mashallah," mdomo umejaa mswaki. Yeye ni mtu wa Kilwa, ujana wake wote ameumaliza kwenye mashamba ya chumvi, na miguu yake ina makovu ya chumvi mpaka leo. Tulijuana huko Kilwa, mimi msichana wa kupima, yeye mchukuzi wa magunia, na aliwahi kuniambia kwamba alinipenda kwa sababu nilimkemea. Sasa amestaafu, ana vimihogo vyake nyuma ya nyumba na redio. Si mtu wa maneno mengi. Nilipoacha sukari kwenye chai naye aliacha. Sikumwomba. Nilimwona tu anakunja uso kila akimeza, halafu anasema chai ya leo nzuri.

Wiki ya pili, asubuhi moja, namba ikapanda. Jana yake tisini na nne na pointi tisa, leo tisini na sita na pointi moja.

Nilishuka, nikapanda. Nikahamisha mizani pembe nyingine. Nikatoa hereni, nikatoa pete, nikatoa bangili ya mama yangu ambayo haijawahi kutoka mkononi tangu nivishwe. Tisini na sita na pointi moja. Na jana yake nilikuwa nimekula nini? Hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimekula ng'onda.

Hapa inabidi nieleze akili yangu ilivyokuwa, maana ni akili ya mtu wa mizani na ndiyo iliyoniponza. Mimi nilijua kwamba kinachoingia ndicho kinachoongeza. Ukitia kilo mbili kwenye gunia, gunia linaongezeka kilo mbili, halina miujiza. Basi nikatafuta chakula chepesi mkononi. Wali ni mzito, mihogo mizito, nazi usiseme. Ng'onda je? Samaki amepasuliwa, ametiwa chumvi, ameanikwa juani mpaka amekuwa ubao, mkubwa mzima ukimwinua hana kitu. Niliona nimepata. Wiki nzima nikawa nachoma ng'onda mkaani, nakamulia ndimu, nakula na mchicha wa kuchemsha, nateremshia kwa maji. Jioni ile nilikuwa nimempima samaki mwenyewe kabla ya kumla, robo kilo haifiki, na mchicha robo nyingine. Sasa niambie, nusu kilo imeingia, kilo na zaidi imepanda. Niliona nimeibiwa, na mwizi ni mwili wangu.

Nilitoka uani nikiwa nimefura. Mume wangu alikuwa amechuchumaa anapalilia mihogo.

"Kilo moja na pointi mbili," nikamwambia. "Kwa samaki mkavu."

Akasimama taratibu, akapangusa mikono. "Na chumvi yake uliiosha?"

"Chumvi inahusu nini? Chumvi ina uzito gani?"

"Mama watoto," akasema, na aliponiita hivyo nikajua anakuja na jambo, "mimi nimelala na chumvi miaka ishirini. Ukiacha gunia la chumvi peke yake kwenye banda wakati wa mvua, hakuna anayelimwagia maji, asubuhi linachuruzika. Chumvi inaita maji. Wewe umekula chumvi, ukanywa mtungi mzima. Unataka hayo maji yaende wapi usiku mmoja?"

Angeishia pale ningemshukuru. Lakini akaongeza, polepole, anatazama jembe lake, "Si wewe unayewaambia wale wazee wa Rondo gunia la juzi na la leo ni lile lile?"

Nilikasirika siku mbili. Hasira ya mtu aliyepatikana ni mbaya kuliko ya aliyeonewa. Nikamwambia mimi si gunia, na korosho hazina presha, na kama anajua sana aje yeye akanyage. Akaja akakanyaga kweli, na jembe lake mkononi, akasoma namba, akasema naye amenenepa. Sikucheka mbele yake. Nilikwenda kucheka bafuni.

Ng'onda niliacha, au tuseme nilianza kumloweka kwanza usiku na kumwaga maji yake, na siku ya tatu namba ikateremka yenyewe, ikapita chini ya pale nilipokuwa. Ungefikiri nimeelewa. Nilielewa kichwani. Kichwa hakikuwa na tatizo. Shida ilikuwa ile saa ya asubuhi, miguu mitupu juu ya kioo kile cha baridi, kabla namba hazijatulia. Zinahangaika kwanza, zinapanda na kushuka, na moyo wangu nao unahangaika hivyo hivyo, kwa sababu sikuwa naona kilo. Nilikuwa naona msala na kiti. Ikishuka, kiti kinasogea mbali. Ikipanda, nyaa.

Nikazidi kujipima. Alfajiri, kabla ya chai, baada ya choo, jioni nikirudi ghalani. Jioni daima ilikuwa juu, kilo nzima au na nusu, nami daima nikashangaa, kana kwamba mtu ameshinda kutwa anakula na kunywa atarudi alivyotoka. Siku nilizolala vibaya ilipanda. Siku ambazo tumbo halikwenda ilipanda. Ile siku niliyopanga magunia ghalani tangu asubuhi kwa sababu vibarua walichelewa, nikatoka jasho la kuloa, nilikimbilia mizani nikijua leo ni leo. Ilishuka kilo nzima. Nikafurahi, nikaandika, nikanywa maji, ikarudi yote kabla ya magharibi. Mwezi mzima ulipita hivyo, mume wangu ananisikiliza tu kutoka uani. Nikikaa kimya chumbani anajua imepanda. Analeta chai mwenyewe, anaiweka mlangoni, anaondoka.

Na kuna hili la kanga, ambalo sijawahi kumwambia mtu zaidi ya mume wangu. Ghalani hatupimi korosho tu, tunapima na gunia, kisha tunatoa kilo moja ya gunia lenyewe. Mimi nami kwa heshima yangu sikuweza kusimama mtupu hata peke yangu, mama yangu hakunilea hivyo. Nikawa najipima nimejifunga kanga, halafu natoa uzito wa kanga. Kanga yangu niliipima ghalani kwenye mizani ndogo ya sampuli, namba nikaiandika juu ya kalenda, na kila asubuhi naitoa. Mahesabu safi. Mpaka wiki moja ya Desemba namba zikakataa kabisa kushuka, siku sita mfululizo, nami najinyima mpaka kizunguzungu. Siku ya saba nimeshuka kwenye mizani nikaona nyayo zangu zimeacha maji kwenye kioo, na pindo la kanga linadondoka. Joto lilikuwa limeshakuwa kali, nilikuwa nimebadili desturi, naoga kwanza ndipo napima. Siku sita karani mzoefu natoa uzito wa gunia kavu, nimejifunga gunia bichi.

Nilikaa kitandani nikamwita mume wangu nikamwonyesha. Aliishika ile kanga, akaikamua kidogo, matone yakaanguka sakafuni. Akayatazama, akanitazama. "Yale ya kwenye ng'onda yamepatikana," akasema. Tukacheka mpaka akakohoa. Kisha akakaa kando yangu na kanga yangu mbichi mapajani mwake, akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza.

"Unaogopa nini hasa?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya yule bibi kikongwe tuliyekaa naye pembeni, na migongo ya wenzangu, na vile kiti kinavyolia. Nilimwambia naogopa kwamba ile sijda niliyoshindwa kuinuka ndiyo ilikuwa ya mwisho maishani mwangu, na sikujua kuwa ni ya mwisho, kwa hiyo sikuomba chochote cha maana. Nilikuwa nafikiria nauli ya mtoto. Alinishika goti, lile la kulia ambalo ndilo baya zaidi, akauacha mkono wake pale. Hakunipa nasaha. Tangu siku hiyo aliongeza neno moja tu kwenye dua zake baada ya sala, nalo ni goti.

Januari ilinikuta na kilo tisini na kitu. Nilikuwa nimepungua, hilo halikataliki ukitazama kalenda kwa mbali, ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Lakini mimi nilikuwa natazama jana na leo tu. Ijumaa moja, wiki tano kabla ya Ramadhani, ikasoma themanini na nane na pointi sita. Themanini. Sikuwa nimeona themanini tangu nizae mtoto wa mwisho. Niliiandika kwa herufi kubwa, nikaizungushia duara, nikajipaka wanja nikaenda kazini.

Jumamosi yake jirani yetu wa nyumba ya tatu akafiwa na mama yake, na shughuli yote ya mtaa ikahamia pale. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu tangu saa mbili asubuhi. Mtu akiwa msibani hawezi kula samaki wa kuloweka peke yake pembeni, ni aibu. Nilikula wali wa nazi na maharage, na kachumbari, na jioni wali tena na mchuzi wa papa wa chumvi ulioletwa na ndugu zao wa Rasbura. Nilikula sahani ya kawaida, sikujaza. Nilisimama kutwa nzima. Nilirudi nimechoka, vifundo vya miguu vimevimba.

Jumapili asubuhi ikasoma tisini na pointi tatu.

Najua mnachotaka kuniambia. Chumvi, na nazi, na kusimama, na usingizi mdogo, na chakula ambacho bado kiko njiani hakijatoka. Nilijua yote hayo nikiwa nimesimama pale juu. Mtu akiniletea gunia lenye historia hiyo ningemfafanulia vizuri mpaka akashukuru. Lakini nilikuwa nimezungushia themanini na nane duara, na wiki zilikuwa tano, na nilichoka. Nilichoka kuhukumiwa kila kukicha na kipande cha kioo. Nikaandika 90.3, nikaipigia mistari miwili chini mpaka karatasi ikachanika, nikasukumia mizani uvunguni kwa mguu. Mume wangu alipokuja na chai nilimwambia nimeacha.

"Umeacha nini?"

"Yote. Nitasalia kiti mpaka nife, na wewe utanizoea."

Akaweka chai mezani. "Nimeshakuzoea," akasema, akatoka. Nilimchukia kwa kutobishana nami.

Alasiri vijana wa mtaani walipita na mkokoteni wanakusanya viti. Wageni wa msiba walikuwa wamefika kwa wingi kutoka Kilwa kwa ajili ya khitma, na mwenye viti yeyote mtaani akatoa. Mimi nilikuwa nimelala. Mume wangu alitoa vyetu vyote sita, akahesabu vizuri, akaviandika chini ya kikalio herufi zetu kwa wino ili visipotee. Hakukumbuka kwamba kimojawapo kilikuwa msikiti wangu.

Jua lilipokaribia kutua mvua ikafunguka, ile mvua yetu ya Januari isiyonyesha bali inamwagika. Msikitini hakufikiki, uani kumekuwa bwawa. Mume wangu akatandika misala sebuleni, wake mbele, wangu nyuma, akaita ikama kwa sauti ya chini. Nikatoka na kanga zangu za kusalia, nikatazama nyuma ya msala wangu.

"Kiti changu kiko wapi?"

Aligeuka. Niliona uso wake ukibadilika, kidogo kidogo, anavyokumbuka. "Nimewapa," akasema. "Wallahi nimewapa na chenyewe. Ngoja nikikimbilie."

"Kwa mvua hii? Na magharibi yenyewe ina muda gani?"

Tulitazama sebule yetu. Kuna kochi moja zito lisilosogezeka na lina vijiti vilivyotokeza, na jikoni kuna mbuzi ya kukunia nazi, nami sijafikia hali ya kusalia juu ya mbuzi ya nazi. Nilikuwa na hasira tangu alfajiri, sasa nikapata mahali pa kuipeleka. Nikamwambia mtu mzima anayeweza kusahau kiti kimoja katika nyumba yenye viti sita hastahili kuwa imamu. Akainamisha kichwa. Nikamwambia aanze tu. Nitasimama rakaa ya kwanza, ikifika sijda nitashikilia kochi nishuke nikae chini, na hapo chini nitamalizia sala yote, kwa sababu kuinuka ndiko kulikonishinda.

Akaanza. Mvua ilikuwa inapiga bati, alilazimika kusoma kwa nguvu. Tukarukuu. Tukainuka. Akasema Allahu akbar, akaenda chini, nami nikashika mkono wa kochi nikaanza kujishusha kama mtu anayeingia majini asikojua kina. Nilingoja lile chomo la kisu. Goti la kushoto likagusa msala. La kulia likafuata, likauma, nisidanganye, lakini liliuma maumivu ya mtu mzima anayepiga magoti, si yale ya kupiga yowe. Nikabaki pale kwa magoti yangu mawili. Kukaa kulikuwa upande mmoja na sijda upande mwingine, na mikono yangu ikachagua yenyewe. Nikaiweka mbele. Nikaweka paji la uso.

Msala ulinukia ukindu. Nilikuwa nimesahau kwamba unanukia. Kwenye kiti hunusi kitu.

Sikukumbuka la kusema. Miaka miwili nimetayarisha dua za siku hii, nzuri, ndefu, na zote zilinitoka. Nikawa nalia tu, machozi yanaingia kwenye ukindu. Taratibu nikatambua kwamba muda umepita, mrefu kuliko sijda yoyote aliyowahi kunisalisha, na mume wangu bado yuko chini. Hakikulia kiti. Alikuwa amesikia pumzi yangu karibu na sakafu, akangoja.

Sijda ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Kisha akasema takbiri akasimama, na hapo nikaogopa, kwa sababu hii ndiyo iliyonishinda siku ile ya alfajiri. Nilishika kochi. Nikatanguliza mguu wa kushoto, nikasukuma, nikatetemeka, nikarudi chini. Nikasukuma tena. Kule mbele alikuwa amesimama wima, mgongo wake kwangu, mikono imefungwa kifuani, na hakuanza Alhamdu. Mvua tu ndiyo iliyosikika. Nikainuka, nikaachia kochi, nikafunga mikono. Ndipo nikasikia sauti yake, anaanza kusoma.

Tulizisali rakaa zote tatu namna hiyo. Alipotoa salamu hakugeuka upesi. Alipogeuka alikuwa anajifuta macho kwa pindo la kikoi, akaniuliza kama magoti yanauma. Nikasema yanauma. Akaenda jikoni akachemsha maji, akanikanda yote mawili kwa kitambaa cha moto, na hatukuzungumza habari za kilo.

Asubuhi ya Jumatatu niliamka nikaenda kwenye kalenda kwa mazoea, mizani ikiwa bado uvunguni. Tisini na pointi tatu yangu ilikuwa pale kwenye Jumapili, na mistari yake miwili ya hasira. Kalenda ile mume wangu hakuwahi kuigusa, hata siku moja. Lakini chini ya mistari, pale karatasi ilipochanika, palikuwa na maandishi ya wino ule ule wa viti, herufi kubwa zilizopinda, za mtu aliyejifunza kuandika juu ya magunia ya chumvi. Ameandika neno moja. AMESUJUDU.